Friwili ya 14-34 Kwenye Baiskeli ya Resi ya Zamani: Inauweza Mlima wa Mwanga?

Mwenye baiskeli ya resi ya zamani anayetoka stesheni ya Kigoma kwenda Mwanga utamwona katika hali mbili: huku chini yuko juu ya kiti, kule juu yuko chini anasukuma. Kosa si la mapafu yake. Baiskeli hizi za chuma za miaka ya 1970 na 1980, zinazotufikia kama mtumba wa Japani na Ulaya, nyingi zilifungwa gia za vijana wa mashindano: mbele sproketi za meno 52 na 42, nyuma friwili (fungu la sproketi linalozunguka bure ukiacha kukanyaga) ya sproketi tano au sita ambayo kubwa yake ina meno 21 au 24. Tabora, ambako barabara imelala kama mkeka, utaendesha gia hizo mwaka mzima bila kulalamika. Kigoma mji wenyewe umepanda kutoka ziwani, na ukivuka Mwandiga kuelekea Manyovu vilima haviishi mpaka unaiona Burundi.

Dawa inayopatikana kwa bei ya kawaida ni friwili ya Shimano ya daraja la Tourney, gia 7. Ziko mbili za kufikiria: MF-TZ500 ya 14-28, yaani sproketi ndogo ina meno 14 na kubwa 28, na MF-TZ510 ya 14-34. Zote ni za kufunga kwa thredi kwenye habu (kitovu cha gurudumu), si kaseti (sproketi za kuchomeka kwenye habu maalumu), kwa hiyo zinaingia kwenye gurudumu la zamani bila kubadilisha habu. Hapa tunaipima zaidi hiyo ya 14-34, pamoja na mkono wa gia (kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kati ya sproketi) RD-TY300 ambao karibu lazima uende nayo.

Hesabu kwanza, maana ndiyo inayoamua kama utoe hela au uache. Tairi la 700 lenye unene wa milimita 25 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.1. Kwa 42 mbele na 24 nyuma, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 3.7. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ambayo mlimani ni mwendo wa mtu asiye na haraka, lazima uende kilomita 13 kwa saa. Mlima mkali haukuruhusu kasi hiyo, kwa hiyo miguu inapungua mpaka 40, magoti yanalia, unashuka. Weka 28 nyuma: mita 3.15. Weka 34: mita 2.6, na kwa mizunguko ile ile 60 unapanda kwa kilomita 9 na ushee. Hiyo ndiyo tofauti ya kupanda umekaa na kupanda unasukuma. Upande wa kasi hupotezi kitu cha maana: 52 na 14 inatoa mita 7.8 kwa mzunguko, na ukikanyaga 80 kwa dakika uko kilomita 37 kwa saa. Zipo friwili nyingine zinazoanzia meno 11, kama DNP Epoch ya 11-34, lakini 52 kwa 11 ni gia ya kushuka mlima, na kushuka kuelekea ziwani hakuhitaji msaada wa miguu. Kunahitaji breki.

Kabla ya kununua, pima vitu viwili. Toa gurudumu la nyuma, pima nafasi kati ya masikio ya fremu (pale ekseli inapokaa) kwa ndani. Ukipata milimita 126, fremu ilizaliwa kwa gia 6 au 7 na kazi yako ni nyepesi. Ukipata 120, ilizaliwa kwa gia 5. Ukipata 130 huenda ina kaseti, na makala haya hayakuhusu. Pili ni thredi za habu. Karibu habu zote za Japani, Uingereza na Italia zinapokea friwili hizi, ambazo ni za inchi 1.375 kwa thredi 24 kila inchi. Hatari iko kwenye baiskeli za Kifaransa za zamani, hasa Peugeot, Motobécane na Gitane za kabla ya miaka ya 1980: zao ni milimita 34.7 na hatua (umbali kati ya thredi na thredi) ya milimita 1 kamili. Kwa jicho zinafanana. Friwili ya kawaida itaingia kwenye habu ya Kifaransa ikilegea kidogo, utafurahi kwamba imeingia kwa ulaini, halafu mlima wa kwanza utazikwangua thredi zote na habu imekufa. Pima thredi nane kwa vernia (kipimo chenye mataya): za kawaida zinachukua karibu milimita 8.5, za Kifaransa 8 kamili. Au soma mgongoni mwa friwili ya zamani. Ikiandikwa 34,7 usiendelee.

Kuitoa friwili ya zamani ndipo watu wengi wanapoharibu vitu. Kila kampuni ilikuwa na soketi yake. Shimano za sasa zinatumia soketi ya meno 12, Suntour za zamani zina vikato viwili au vinne, Maillard na Regina nazo zina za kwao. Soketi isiyokaa sawasawa itavila vile vikato na kukuacha na friwili isiyoshikika. Utaratibu ni huu: toa nati ya ekseli ya kulia na washa zake, ingiza soketi mpaka mwisho, rudisha nati juu yake na uibane kwa mkono ili soketi isiruke. Bana soketi kwenye vaisi, gurudumu likiwa limelala juu yake, kisha shika rimu kwa mikono miwili na uizungushe kinyume cha saa kama usukani wa lori. Itatoa mlio mmoja mkavu. Hapo simama, legeza nati nusu mzunguko, endelea. Usipoilegeza, friwili inayotoka itaisukuma nati hadi ichane thredi za ekseli. Spana ndefu yenye bomba inaweza kazi hii, lakini vaisi haina mpinzani, na gereji nyingi za pikipiki zinazo za kuazima.

Ikiwa vikato vimeshaliwa, bado njia ipo. Lile sahani la nje la friwili lenye matundu mawili madogo lina thredi za kushoto: linafunguka kwa kuzungushwa kama saa. Gonga kwa panchi na nyundo. Tandika gazeti kwanza, kwa sababu golori ndogo za inchi 1/8 zitamwagika kama mtama. Ukishatoa sproketi na golori, kinabaki kiini tu, ambacho unakibana kwenye vaisi moja kwa moja na kuzungusha rimu. Friwili haitatumika tena, ila habu imepona. Na kwa mwenye haraka ya kukata spoki ili atoe habu: friwili inatoka kwanza, spoki baadaye. Bila rimu huna cha kushika.

Kufunga mpya ni dakika tano. Safisha thredi za habu kwa mafuta ya taa na mswaki, paka grisi nyingi, weka friwili wima na uizungushe kwanza kinyume cha saa taratibu mpaka usikie "tik", yaani thredi zimekutana. Hapo ndipo unageuza kama saa. Lazima iende kwa vidole, mizunguko kadhaa, kabla ya kukaza. Ikikataa baada ya nusu mzunguko, toa uanze upya. Hilo ndilo kosa la kuvuka thredi na halisameheki, hasa habu ikiwa ya alumini. Haihitaji kukazwa kwa spana. Kila unapokanyaga inajikaza yenyewe, ndiyo maana ile ya zamani ilikuwa ngumu kutoka.

Kwenye fremu ya 126 iliyokuwa na gia 6, friwili hii ya gia 7 inazidi ile ya zamani kwa kama milimita 2.5 tu, kwa sababu sproketi zake zimekaribiana: milimita 5 kati ya moja na nyingine, badala ya 5.5. Mara nyingine inaingia bila chochote. Angalia nafasi kati ya sproketi ndogo na fremu mnyororo ukiwa umekaa juu yake. Ukigusa fremu, ongeza washa ya milimita 1 au 2 chini ya nati ya kubana koni (kile kinachoshikilia golori za ekseli) upande wa kulia. Washa ya milimita 2 inaihamisha rimu milimita 1 kushoto ya katikati. Irudishe kwa kukaza nipo za spoki za kulia robo mzunguko zote, na kulegeza za kushoto robo, kisha uangalie breki zinakamata pande zote sawa. Fundi yeyote wa spoki pale Mwanga anaifanya kazi hii huku anaongea na simu.

Fremu ya 120 ni habari nyingine. Ya chuma inaweza kupanuliwa hadi 126, milimita 3 kila upande, kwa ubao mrefu uliopitishwa ndani ya uma wa nyuma ukiegemezwa kwenye bomba la kiti. Bonyeza kidogo, pima, bonyeza tena. Chuma kinarudi nyuma, kwa hiyo utapita lengo kabla hakijakubali. Hakikisha kwa uzi: funga uzi sikio moja, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudishe sikio la pili; umbali kutoka uzi hadi bomba la kiti uwe sawa kushoto na kulia. Fremu za alumini za kugundishwa, kama Vitus 979 na Alan, usiziguse kwa ubao kamwe. Zitapasuka. Kwa hizo, baki na friwili ya gia 5. Zilikuwepo za 14-17-20-24-28, na ukiipata nzima kwenye mtumba inunue hata kama huihitaji leo.

Sasa mkono wa gia. Hapa ndipo watu wanajaribu kubana matumizi na kujuta. Mkono wa zamani wa mashindano, wenye kizimba kifupi (kile kinachoshika vigurudumu viwili vya mnyororo), uliundwa kwa sproketi ya 24 au 26, mara chache 28. Kwenye 34 kigurudumu chake cha juu kitasaga sproketi, na kizimba hakina urefu wa kumeza mnyororo unaolegea. Hesabu ya kulegea ni rahisi: tofauti ya mbele (52 toa 42, ni 10) jumlisha tofauti ya nyuma (34 toa 14, ni 20). Jumla meno 30. RD-TY300 inameza 43 na inapanda hadi 34, kwa hiyo ina nafasi ya ziada. Inauzwa kwa namna mbili: ya kufunga kwenye tundu lenye thredi la sikio la kulia, na yenye bamba lake linalobanwa na ekseli kwa fremu zisizo na tundu. Angalia fremu yako kabla ya kuagiza, maana dukani watakupa iliyo karibu na mkono wao. Kwa sura ni kitu cha kawaida mno, chuma na plastiki nyeusi, na mwenye mkono wa Campagnolo unaong'aa ataona aibu kuutundika. Mlimani hakuna anayeangalia.

Wenzo za gia za zamani zilizo kwenye bomba la chini, zile zisizo na vituo, zinafanya kazi na mkono huu bila tatizo. Unavuta, unasikiliza, unarekebisha kidogo. Tena zinakuwa nzuri kuliko zamani, kwa sababu meno ya friwili hizi yamechongwa mikato ubavuni inayoukamata mnyororo na kuupandisha. Sproketi za zamani zenye meno yaliyonyooka zilihitaji uvute kupita kiasi halafu urudishe. Waya uwe wa gia, milimita 1.2, wa breki ni mnene na kichwa chake hakikai.

Mnyororo ununue mpya, wa gia 6, 7 au 8. Ule wa zamani wa gia 5 ni mpana na utasugua sproketi ya jirani. Hata ukiwa mwembamba, uliochakaa utaila friwili mpya kwa muda mfupi: pima pingili 24, zikiwa mpya ni milimita 304.8; zikifika 307 tupa. Kuhusu urefu, chukua fremu ambayo kutoka katikati ya krenki hadi ekseli ni sentimita 43. Kwa 52 na 24 ilihitaji pingili 108. Kwa 52 na 34 inahitaji 114. Tofauti ni pingili sita, na hizo sita ndizo zinazovunja mikono ya gia. Kama huamini hesabu, zungusha mnyororo kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuupitisha kwenye mkono, kutanisha ncha, ongeza pingili mbili, kata hapo. Tunajua hutakiwi kuendesha kubwa kwa kubwa. Lakini siku moja umechoka, utavuta wenzo wa kosa, na mnyororo mfupi utaung'oa mkono pamoja na sikio la fremu.

Skrubu mbili za mipaka zirekebishwe kabla ya waya kufungwa. Ile ya H inakiweka kigurudumu cha juu chini ya sproketi ya 14 sawasawa. Ile ya L: sukuma mkono kwa kidole hadi 34 huku mtu anazungusha pedeli; ufike hapo na usivuke hata kidogo, kwa sababu baada ya 34 ni spoki. Ya tatu, iliyo nyuma inayosukuma sikio, ikaze mpaka kigurudumu cha juu kisiguse meno ya 34 mnyororo ukiwa kwenye 42 mbele.

Ikishakaa, inaendaje? Sproketi zake ni 14, 16, 18, 20, 22, 24, halafu 34. Soma tena hiyo ya mwisho. Kutoka 14 hadi 24 ni hatua za meno mawili mawili, laini, nzuri kwa barabara ya Ujiji. Kisha shimo: meno 10 kwa mkupuo mmoja. Miguu inayozunguka 60 kwenye 24 inatakiwa ghafla izunguke 85 ili kasi ibaki ile ile, jambo ambalo mlimani halitokei. Baiskeli inasita, unapoteza mwendo wa mita kadhaa, kisha unaendelea. Nalo linataka ubadilishe mapema, kabla miguu haijakaza, na ulegeze pedeli nusu sekunde. Ukivuta wenzo ukiwa umesimama na uzito wote juu ya pedeli, mnyororo utagoma katikati kwa kelele ya kukata tamaa. Ni dosari ya kweli, na kwa nchi ya vilima vya wastani ingetosha kuikataa. Kwa Kigoma tunaisamehe, kwa kuwa milima yetu haina wastani: ama uko tambarare ya Gungu, ama uko ukutani.

Mwenye miguu mizuri asiyebeba mzigo achukue 14-28. Hatua yake ya mwisho ni meno manne tu, mikono mingi ya zamani inaimudu bila kubadilishwa, na pingili za kuongeza ni mbili badala ya sita, na wakati mwingine hakuna. Kwa safari za mjini ndiyo chaguo bora kati ya hizi mbili. 14-34 ni ya anayekwenda Manyovu, au anayerudi kutoka Kibirizi na ndoo ya dagaa kwenye keria.

Huo mzigo ndio unaoleta lawama yetu kubwa, na si ya friwili hii peke yake. Kwenye habu za thredi, golori za kulia ziko ndani, nyuma ya friwili, mbali na sikio la fremu. Kipande cha ekseli kinachobaki bila kushikwa ni kirefu, na kila sproketi unayoongeza inakirefusha. Gia 5 ilivumilia. Gia 7 pamoja na abiria nyuma na shimo la barabarani, ekseli inapinda, kisha inakatika. Dalili yake ni koni zisizokubali kurekebishika: ukikaza zinabana, ukilegeza zinacheza. Toa ekseli uiviringishe juu ya kioo cha meza, itajionyesha. Shimano ilileta habu ya kaseti mwaka 1978, na inaliondoa tatizo hilo kwa kuzipeleka golori karibu na ukingo. Anayebeba watu kila siku akusanye hela za gurudumu la kaseti, asihangaike na hili. Kwa mwenye kuendesha mwenyewe, ekseli ya chuma kigumu na kujizuia kubeba gunia vinatosha.

Mafuta nayo. Mnyororo wa gia haupakwi mawese, hata kama ndiyo yaliyo karibu jikoni. Asubuhi ya baridi yanaganda, mchana yanakusanya vumbi jekundu, na ndani ya wiki una unga wa kusagia meno. Oili chafu ya pikipiki ni hivyo hivyo, imejaa chembe za chuma. Tone moja la oili mpya kwa kila pingili, acha usiku kucha, asubuhi ifute yote ya nje kwa kitambaa. Friwili yenyewe ilaze na gurudumu, izungushe kinyume huku unadondosha oili kwenye ule mstari kati ya kiini kisichozunguka na sehemu inayozunguka. Ikianza kukwaruza baada ya masika, suuza kwanza kwa mafuta ya taa kwa njia hiyo hiyo. Grisi usiiingize humo. Vikucha vya ndani vinanata, haviruki kukamata, na pedeli inazunguka bure mbele na nyuma, kwa kawaida katikati ya mlima.

Baada ya kupanda mara tatu nne, waya utakuwa umelegea kidogo na friwili imejikaza zaidi ndani. Kagua tena ile nafasi kati ya 14 na fremu. Kama ulikuwa umeibana sana kwenye washa, sasa una nywele moja ya ziada, na mnyororo uliokuwa unasugua rangi ya fremu unaweza kuwa umeacha.